Mvumilivu Hula Mbivu Akiwa Amesimama

Kuna vazi moja dogo ambalo wanaume wa pikipiki wa nchi hii wanaliogopa kuliko trafiki. Ni bukta ya baiskeli: ile nyeusi, ya kubana, inayovutika, yenye kipande cha sponji kilichoshonewa ndani pale unapokalia. Waendesha baiskeli wa mashindano wanaivaa mchana kweupe, barabarani, mbele za watu, na hakuna anayeshangaa. Lakini mwambie mtu wa pikipiki anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita zaidi ya 800, aivae ndani ya suruali yake, ambako hakuna jicho litakaloiona, uone atakavyokujibu. Kwanza atacheka. Kisha atasema neno lile lile wanalolisema wote: "Yaani nivae pampasi?"

Makala hii ni ya kumjibu huyo. Na kwa kuwa yeye anaongea kwa kujiamini, nami nitamjibu hivyo hivyo: bwana mkubwa, huna hoja. Una aibu, na umeivalisha aibu hiyo helmeti ukaiita ushujaa.

Najua pia kuna msomaji aliyekuja hapa kutafuta uhakiki wa riwaya, na sasa anajiuliza makalio yameingiaje. Yameingia kwa mlango wa mbele, ndugu yangu. Wazo kwamba safari ya pikipiki ni lazima iume ndipo iwe safari halikuota lenyewe barabarani. Limelelewa na vitabu na filamu, likapita vijiweni, likafika kwenye vichwa vya vijana ambao hawajasoma hata kimoja cha vitabu hivyo. Kwa hiyo tuanze na vitabu.

Mwaka 1952 Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari mwenye pumu, alizunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake Alberto Granado juu ya Norton ya cc 500 waliyoiita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Shajara ya safari hiyo imesomwa dunia nzima, na mwaka 2004 Walter Salles akaitolea filamu. Muulize mtu anakumbuka nini, atakwambia: vijana wawili, pikipiki moja, vumbi, upepo, uhuru. Sasa kafungue kitabu chenyewe. Pikipiki inaanguka mara kwa mara, inafungwafungwa waya, na mwishowe inakufa Chile safari ikiwa bado mbichi. Sehemu kubwa iliyobaki wanadandia malori, wanapanda vyombo vya majini, wanatembea kwa miguu. Pumu imo, imeandikwa. Tumbo la kuendesha limo, tena kwa kisa ambacho sitakisimulia hapa kwa kuwa baadhi yenu mnasoma huku mnakula. Guevara hakuuficha mwili wake. Waliouficha ni sisi wasomaji, tulioondoka na bango la filamu tukakiacha kitabu mezani.

Robert Pirsig naye vile vile. Kitabu chake, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilitoka mwaka 1974, kikisimulia safari aliyoifanya mwaka 1968 na mwanawe Chris kutoka Minnesota hadi California. Watu wanakitaja kwa ajili ya falsafa. Kwangu mimi kurasa zake bora ni zile za kopo la bia. Rafiki anayesafiri naye ana pikipiki ya BMW, na usukani wake umelegea, unateleza. Msimulizi anamwambia dawa ipo: tukate kipande cha bati la kopo la bia, tukizungushe pale, tukaze, yameisha. Bati hilo ni laini, halishiki kutu, linafaa kuliko vingi vinavyouzwa dukani. Rafiki anaudhika. Kopo la bia? Kwenye BMW yake? Anaona bora aendelee kuhangaika na usukani unaoteleza kuliko kukubali kwamba takataka imemtatulia shida.

Jamani, bukta ya baiskeli ndiyo kopo la bia la pikipiki zetu. Haikutengenezwa kwa ajili yetu, haina nembo ya pikipiki, na mbaya zaidi ni ya "watu wa baiskeli". Hapa kwetu baiskeli ni ngazi ya chini. Mtu alibeba mkaa kwa baiskeli miaka mitatu, akadunduliza, akanunua pikipiki. Hataki kabisa kukumbushwa alikotoka. Lakini huyo huyo umuuzie koti lenye nembo ya kampuni kubwa ya pikipiki, atalivaa juani akilowa jasho, apige picha. Koti linaonekana. Bukta haionekani. Hilo tu linatosha kutuambia kwamba tunachokijali hapa si mwili bali picha ya mwili.

Wenye shida nyingine watasema neno lenyewe halitamkiki. Makalio! Mbele za watu! Sasa hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu Kiswahili chenyewe hakina aibu hiyo. Kalio limetokana na kukalia: ni kiungo cha kukalia, basi. Kitako, tunachowaambia wageni wakae, kina tako ndani yake, na shehe anakisema msikitini, mwalimu anakisema darasani, hakuna anayeguna. Hata bunduki ina kitako. Lugha ilikitaja kiungo kwa kazi yake ikaendelea na safari. Sisi ndio tuliokigeuza kuwa mambo mawili tu: kichekesho na kitu cha kutazamwa. Hesabu mwenyewe nyimbo za mjini zinazoyataja makalio, utachoka. Lakini hayo ni makalio ya kutazamwa, ya mwanamke, ya kutikiswa. Makalio ya kazi, yaliyokaa saa kumi juu ya siti ya pikipiki ili mtoto aende shule, hayana wimbo. Hayana shairi. Hayana hata aya moja kwenye magazeti yetu.

Basi hebu tuyatazame kama kiungo cha kazi.

Ukikaa, uzito wa kiwiliwili unashukia kwenye mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Nyama iliyo kati ya mfupa na siti inabanwa, mishipa midogo ya damu inabanwa nayo, na baada ya muda mwili unaanza kulalamika: kwanza joto, kisha ganzi, kisha maumivu ya kuchoma. Ndiyo maana watu wanaotumia viti vya magurudumu wanafundishwa hospitalini kujiinua au kujisogeza kila baada ya muda mfupi. Ngozi isiyopata damu inakufa, inakuwa kidonda. Sasa ongeza jasho la Kibaha saa sita mchana. Ongeza mshono mnene wa jinzi, unaopita hapo hapo katikati. Ongeza mtetemo wa injini ya silinda moja, na matuta. Ukifika Ruaha Mbuyuni unashuka unatembea kama bata, unajifanya unanyoosha miguu. Wenzako nao wananyoosha miguu. Wote mnajua si miguu.

Majeshi hayakulionea haya jambo hili. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Marekani waliokuwa wakirushwarushwa kwenye magari ya jeep walianza kupata majipu mabaya juu kidogo ya mfereji wa makalio, mwishoni mwa uti wa mgongo. Makumi ya maelfu walilazwa. Mwaka 1944 daktari Louis Buie akaliandika kwa jina la "ugonjwa wa jeep". Hebu fikiria: jeshi lililo vitani, lenye mabomu ya kuhesabu, lilikaa likahesabu majipu ya matakoni. Lilijua kwamba askari asiyeweza kukaa hawezi kuendesha, na asiyeweza kuendesha hawezi kupigana. Sisi huku tunamwambia mwenye jipu la namna hiyo avumilie.

Na bukta inafanya nini hasa? Mambo matatu, na hakuna muujiza ndani yake. La kwanza, pale unapokalia haina mshono wa kukukata. La pili, inashika mwilini, kwa hiyo msuguano unahamia kati ya bukta na suruali badala ya kutokea kwenye ngozi yako. Na kitambaa chake hakishikilii jasho kama chupi ya pamba. La tatu, sponji inautandaza uzito kidogo, usikae wote kwenye zile ncha mbili za mifupa. Basi. Historia yake nayo ni ya watu waliokuwa wakiumia wakatafuta dawa. Waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya walivaa bukta za sufu, ndani wakashonea kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Ngozi ile ikifuliwa na kukauka ilikuwa inakakamaa, kwa hiyo wakawa wanaipaka mafuta kabla ya kupanda. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont akapata uzi unaovutika na kurudi, ule uliokuja kuitwa Lycra. Baadaye ngozi nayo ikaachwa, ikaja sponji. Hakuna hata hatua moja katika historia hiyo iliyoanzishwa na mtu mlegevu. Wote walikuwa watu wa mamia ya kilomita.

Hapa kuna pingamizi moja lenye akili, na nitalipa heshima yake. Linasema: bukta hiyo ilitengenezwa kwa baiskeli, na kukaa kwenye baiskeli si kukaa kwenye pikipiki. Ni kweli. Wa baiskeli anainama, uzito wake mwingine uko mikononi na kwenye pedali, miguu inazunguka muda wote, na siti yake ni nyembamba kama kisahani. Wa pikipiki amekaa wima, kama gunia, hasogei, na siti ni pana. Kwa hiyo sponji iliyokatwa kwa ajili ya mtu aliyeinama inaweza isikutane vizuri na mifupa ya mtu aliyekaa wima. Nene kupita kiasi inajikunja, na kingo zake zinageuka kuwa ule mshono uliokuwa ukiukimbia. Laini kupita kiasi inabonyea ndani ya saa moja, unabaki unakalia hewa. Na ukivaa chupi ndani yake umeharibu kazi yote, maana umerudisha mishono.

Haya yote ni kweli, na jibu lake ni kuchagua, si kudharau. Tafuta ya safari ndefu, si ya mashindano. Sponji iwe imeshikana, ukiibonyeza kwa dole gumba irudi. Ijaribu ukiwa umekaa kwenye pikipiki yenyewe, si ukiwa umesimama mbele ya kioo. Ivae bila chupi. Ifuliwe kila siku na ianikwe ikauke kabisa, la sivyo utahamisha shida kutoka kwenye mfupa kwenda kwenye fangasi. Na isiwe ya mtumba. Nchini Tanzania nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, na kama vazi linakaa juu ya ngozi pasipo kitu katikati, basi hilo ni nguo ya ndani hata kama muuzaji amelining'iniza kwenye rundo la nguo za michezo. Wapo pia ambao bukta haitawafaa kabisa: watafaidika zaidi wakimwendea fundi wa siti akabadilisha godoro lililokufa na kuweka jipya, au wakitandika ngozi ya kondoo, au ule mkeka wa shanga za mbao unaouona kwenye viti vya teksi. Sina ugomvi na hao. Wametafuta dawa. Ugomvi wangu ni na yule asiyetafuta, halafu anamcheka anayetafuta.

Huyo silaha yake kubwa ni methali. Mvumilivu hula mbivu, anakwambia. Ni methali nzuri, na imekuwa ikitumiwa vibaya tangu nikiwa mtoto. Uvumilivu wa methali ile ni wa kusubiri tunda liive. Una mwisho, na mwisho wake ni utamu. Sasa niambie, maumivu ya makalio kati ya Chalinze na Iringa yanaiva kuwa nini? Hayawi tunda. Yanaiva kuwa jipu. Anayevumilia kisichokuwa na mbivu mwishoni si mvumilivu, ni mtu anayeumia tu. Atakula mbivu zake, sawa, lakini atazila akiwa amesimama. Wahenga walikuwa na methali nyingine kwa ajili yake, ambayo haipendi kuinukuu: mficha uchi hazai.

Na kama ni suala la ukakamavu, twende Marekani. Kuna chama cha waendesha pikipiki wa masafa kinachoitwa Iron Butt Association. Jina lenyewe maana yake ni matako ya chuma. Mtihani wao wa kuingilia, unaoitwa SaddleSore 1000, ni kwenda maili 1,000, yaani kilomita kama 1,600, ndani ya saa 24. Mashindano yao makubwa yanachukua siku 11, na mtu anakwenda maili zipatazo 11,000. Hao ndio wakakamavu, siyo? Basi wasikilize wanapokaa pamoja. Habari ni siti, ni nguo za ndani, ni mishono, ni ngozi ya kondoo, ni shanga za mbao, ni bukta. Wenye matako ya chuma ndio wanaoongoza kwa kuyatunza. Anayejigamba kwamba hahitaji kitu ni yule anayeishia Morogoro.

Sasa turudi kwenye lile neno, pampasi. Sikulisahau. Lina ndugu zake: wengine wanasema pedi, wengine wanasema umevaa skintaiti kama demu. Angalia vizuri orodha hiyo. Pampasi ni ya mtoto mchanga. Pedi ni ya mwanamke. Skintaiti ni ya mwanamke. Kwa maneno mengine, mzaha wote una hoja moja tu ndani yake: usivae kitu kinachokufananisha na mwanamke au mtoto. Hakuna hata neno moja hapo kuhusu safari, wala siti, wala ngozi. Na huku kina mama na dada zetu wamekuwa wakivaa skintaiti chini ya gauni miaka nenda miaka rudi, sokoni, shambani, nyuma ya bodaboda, kwa sababu ile ile ya bukta: mapaja yasisuguane, jasho lisichome. Walikuwa na jibu kabla yetu. Wanaume wangewauliza wangeokoa ngozi nyingi. Lakini kuuliza nako, eti, ni ulegevu.

Mtu ataniambia, "Acha watu na utani wao." Ningeacha, kama utani ungeishia kwa wale wanaokwenda Mbeya mara mbili kwa mwaka kwa starehe. Hauishii hapo. Unashuka mpaka kijiweni, na kijiweni ndiko kuna watu ambao siti ya pikipiki ni ofisi yao.

Dereva wa bodaboda anaamka alfajiri, anaondoka nyumbani kabla mtoto hajaamka, anarudi usiku. Kati ya hapo amekaa. Akiwa na abiria amekaa, akisubiri abiria amekaa juu ya siti hiyo hiyo, akila amekaa. Siti yenyewe ni godoro jembamba lililovikwa leza, limepigwa na jua mwaka mzima na kukaliwa na abiria wa kila uzito. Jioni kuna hesabu ya mwenye pikipiki, na hesabu haijui kama makalio yanauma. Mtu huyu haendi safari ndefu, lakini ukijumlisha saa zake za wiki moja, yeye ndiye msafiri wa masafa kuliko wote. Naye ndiye anayeambiwa pampasi akionekana ameweka kipande cha godoro la ziada.

Umoja wa Ulaya una sheria kuhusu jambo hili. Agizo la 2002/44/EC, la mwaka 2002. Linapima mtikisiko unaoingia mwilini mwa mfanyakazi kwa siku ya saa nane. Ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, mwajiri anatakiwa kuchukua hatua. Mita 1.15 ni mpaka, haupaswi kuvukwa. Sheria hiyo iliwafikiria madereva wa matrekta, wa malori, wa mashine za ujenzi: watu wenye mwajiri. Dereva wetu wa bodaboda ana mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki si mwajiri, ni mtu anayesubiri hesabu. Hakuna wa kupima mtikisiko wake, na hakuna wa kuchukua hatua. Hatua pekee aliyo nayo ni ile anayoweza kuivaa mwenyewe. Halafu tunataka kumnyang'anya hiyo nayo, kwa kumcheka.

Na si yeye peke yake anayeumia. Nyuma yake kuna mwanafunzi, kuna mama mwenye mtoto mgongoni, kuna wewe uliyechelewa kazini. Mtu ambaye makalio yanamwaka hakai akatulia. Anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia, anasimama kwenye vikanyagio, nusu ya akili iko chini. Nusu iliyobaki ndiyo inayoangalia lori. Mimi nikiwa abiria nataka akili yote iwe kwenye lori. Sihitaji dereva shujaa. Nahitaji dereva anayekaa vizuri.

Kuna msafiri mwingine wa kukumbuka. Ted Simon, mwandishi wa Jupiter's Travels, kilichotoka mwaka 1979, aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akazunguka dunia kwa miaka minne, akipita Kenya na Tanzania. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman nao walipita huku kwetu kwa pikipiki za BMW, wakitoka Scotland kwenda Cape Town, wakiwa na kamera na magari ya kuwasaidia. Siwabezi, safari ni safari. Ila kila mmoja wao aliwapita watu wa hapa waliokuwa juu ya vyombo vyao, wenye mizigo, wenye haraka, wasiokuwa na mkataba wa kitabu. Hadithi ya safari ya pikipiki katika Afrika Mashariki imeandikwa sana na wapitaji. Wakaaji, na hapa neno lina maana zake zote mbili, hawajaiandika. Na sidhani wataiandika vizuri kama watakuwa wakijifunza kuficha kile wanachokijua kuliko mpitaji yeyote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siti ni hivyo hivyo, na anayeijua ni aliyeikalia.

Kwa hiyo nina maombi kwa pande tatu. Ninyi wa vilabu vya pikipiki, mnaotoka Jumamosi alfajiri na makoti ya bei mbaya: kabla ya kumpa mgeni wa klabu ushauri wa helmeti na glavu, mwambieni pia avae nini chini, kwa sauti ya kawaida, bila kuangua kicheko. Mkishaliweka wazi ninyi mnaoonekana wakakamavu, kijiweni litafika lenyewe. Ninyi wenye pikipiki za hesabu: godoro la siti ni kipuri kama tairi. Tairi likiisha mnabadilisha, la sivyo chombo hakitembei. Godoro likifa, chombo kinatembea, ndiyo maana mnaliacha. Hata punda tunamtandika kabla ya kumpakia. Na ninyi waandishi wenzangu: mhusika wenu anayetoka Tunduma hadi Sumbawanga kwa pikipiki hawezi kufika na mawazo mazuri tu na vumbi kwenye nyusi. Mpeni makalio. Aya moja inatosha, tena iandikwe kwa neno lake, si "sehemu za nyuma".

Wewe bwana wa pampasi, bado upo? Bukta ipo, ni nyeusi, haionekani ukivaa suruali juu yake. Hakuna atakayejua ila wewe na ngozi yako. Kama hata hivyo bado huwezi, basi usiseme tena kwamba unaogopa watu watakuona. Sema unajiogopa mwenyewe, tukuelewe, kisha utupishe sisi tunaotaka kukaa.